Mzee Valeriani Likwambe, Aliyeshika Matanga ya Babu Yake

Marehemu Mzee Valeriani Silvano Kaspari Likwambe alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Silvano, mvuvi wa Kivukoni. Silvano alizaliwa na Kaspari, aliyebebeshwa mizigo ya Wajerumani katika vita ya mwaka 1914 akarudi bega moja limeshuka. Kaspari alizaliwa na Likwambe, mtu aliyezamisha mitumbwi. Wale mliozoea kumwita marehemu "mzee wa mkeka" bila kujua huo mkeka ulitoka wapi, mnaombwa mtulie leo msikilize, maana mmecheka muda mrefu na hamjawahi kuuliza.

Likwambe ndiye aliyekuwa akitunza mitumbwi ya kuvukia hapo Kivukoni. Mjerumani alipojikita bomani Mahenge, alitaka kodi, alitaka watu wa kulima shamba la pamba, na aliyechelewa alilazwa kifudifudi akapigwa viboko hamsa ishirini. Vita ya Maji Maji ilipofika bondeni mwaka 1905, Likwambe alisikia kwamba askari wanakuja kuvuka waje kuchoma vijiji vya upande huu. Akaijaza mitumbwi yote mawe, akaizamisha kwenye matete, kisha akakaa ukingoni akivuta tumbaku yake. Askari wakafika, wakamwuliza mitumbwi iko wapi. Akawaambia imekwenda kuoga.

Jibu hilo linauchekesha ukoo mpaka leo, ila ndilo lililomponza. Askari walipokuwa wakihangaika kutafuta pa kuvukia, wazazi wa wazazi wetu walipata nafasi ya kukimbia na watoto na mbegu za mpunga kichwani. Wengi mliokaa hapa chini ya turubai mmetokana na watu hao. Likwambe alikamatwa, akanyongwa Mahenge mwaka 1906. Mkewe alikwenda kwa miguu kuomba mwili, akapewa mwili usio na kichwa. Mpishi wa bomani, mtu wa kwao, alimnong'oneza kwamba kichwa kimetiwa kwenye sanduku, kinapelekwa pwani, kisha Ulaya, wenye elimu wakakipime waone kina nini ndani. Kina nini? Kina mtu aliyesema mitumbwi imekwenda kuoga.

Mwili ukaletwa Kivukoni ukazikwa. Siku ya kuanua matanga ilipofika, wazee walikataa. Walisema matanga huanuliwa mtu akishazikwa, na huyu hajazikwa mwili wote. Lakini njaa ilikuwa imefika mlangoni, watu walitakiwa kurudi mashambani. Basi wakakubaliana kwamba wengine watawanyike, ila mtu mmoja wa nyumba ile ashike matanga kwa niaba ya wote: alale chini, juu ya mkeka, kama wafiwa wanavyolala, mpaka kichwa kirudi. Walidhani ni jambo la masika moja au mawili. Kaspari alilala chini mpaka akafa. Silvano alilala chini mpaka mgongo ukamshinda. Mkeka wenyewe umebadilishwa mara nyingi, unachakaa kama kitu chochote. Kinachorithiwa ni kulala chini.

Marehemu alizaliwa Kivukoni tarehe 14 Aprili 1941, siku ya somo wake Mtakatifu Valeriani. Mto ulikuwa umefurika na maji yamefika kizingitini, hivyo mama yake alimzalia juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali. Mama alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo siku pekee mwanawe alilala kitandani bila ubishi. Alibatizwa Ifakara mwezi uliofuata, maji yalipopungua.

Alianza shule ya misheni mwaka 1950 akasoma mpaka darasa la nane. Alikuwa na akili, hilo hata walimu waliomchapa walilikiri. Siku moja mwalimu aliwafundisha kwamba Wajerumani walileta reli, shule na nidhamu. Valeriani akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na vitu walivyochukua vimeandikwa ukurasa gani?"

"Walichukua nini, wewe?"

"Kichwa cha babu."

Darasa likaangua kicheko, na Valeriani akachapwa fimbo kwa kuleta mzaha. Alirudi nyumbani akamwambia dada yake mdogo, Theodosia, kwamba fimbo haikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba mwalimu, mtu wa bonde hili hili, alidhani ni mzaha. Hilo lilimkera mpaka uzeeni. Kila alipomsikia mtu amesimama mbele ya jengo la zamani akisifu, "Hili ni la Mjerumani, ndiyo maana ni imara," alimjibu, "Mawe aliyabeba nani? Mjerumani alikuwa na bega gani la kubebea mawe?"

Mwaka 1964 aliajiriwa katika pantoni ya Kivukoni, akaanza kwa kufunga kamba na kupanga magari, mwisho akawa mshika usukani. Watu walimtania kwamba babu alizuia watu kuvuka na mjukuu analipwa kuwavusha. Yeye alisema babu hakuzuia watu, alizuia askari, na asiyejua tofauti hiyo ashuke aogelee. Alivusha wagonjwa wa kutoka Lupiro, akavusha maharusi, akavusha maiti bila kupokea nauli yao. Hakuwahi kuondoa pantoni ukingoni kabla hajaangalia nyuma kama kuna mama anayekimbia na mzigo. Alistaafu mwaka 1999, akalima mpunga Mchombe, na daraja lilipofunguliwa alilivuka kwa miguu mara moja tu, akasema ni zuri lakini halina mtu wa kusalimiana naye.

Tarehe 12 Oktoba 1968 alifunga ndoa takatifu na Paulina. Hapa yapo mambo ambayo wifi yake Theodosia ameruhusu yasemwe. Wazazi wa Paulina walimpa binti yao kitanda cha mninga, kimechongwa kwa ufundi, chenye maua kichwani. Bwana harusi akakitazama, akakisifu, akatandika mkeka sakafuni kando yake. Mzee Silvano alikuwa bado hai, lakini mgongo ulikuwa umemshinda, na mwaka ule ule alikuwa amemkabidhi mwanawe matanga. Hakuna aliyemwambia bibi harusi.

Asubuhi Paulina alikwenda kwa mama mkwe, uso umemvimba kwa hasira.

"Mama, mwanao ananikataa?"

"Hakukatai, mwanangu. Yuko msibani."

"Nani amekufa?"

"Likwambe."

"Lini?"

Mama mkwe akamwambia. Paulina akauliza kama katika ukoo huu kuna jambo lolote linaloishaga. Akarudi nyumbani, akashusha godoro lake kutoka kwenye kitanda cha mninga, akaliweka sakafuni kando ya mkeka. Hapo ndipo walipolala maisha yao yote na kupata watoto wao wote. Kitanda kikawa cha kuwekea magunia ya mpunga. Aliwaambia wanawake wenzake kanisani, "Mimi nimeolewa na mkeka, mume amekuja juu yake." Alinung'unika sana, lakini mwanamke mwingine alipomwita mumewe kichaa, Paulina hakumsalimu mtu huyo kwa muda mrefu.

Sasa linakuja jambo lililomsumbua marehemu kuliko yote. Wageni wa kutoka Ujerumani walianza kufika kwetu mwaka 1983, wasomi wawili na mkalimani wao. Walikuwa watu wapole, wameandika vitabu, walitaka kusikia habari za zamani. Sisi watu wa bonde hili tunajulikana. Mgeni akiingia uani haulizwi yeye ni mtoto wa nani kabla hajala kuku. Kuku alichinjwa, samaki kitoga akakaangwa, wali ukapikwa, Theodosia na Paulina wakamsaidia mama kupika na kukaanga mpaka macho yakawa mekundu. Wageni wakala, wakamwuliza Mzee Silvano anajisikiaje juu ya Wajerumani. Mzee Silvano, ambaye mgongo wake ulikuwa umeharibika kwa kulala chini kwa ajili ya Wajerumani, akasema, "Hatuna neno. Karibuni tena." Wakapewa na mkeka mpya waende nao.

Mtu akisoma maneno hayo atadhani mzee alisahau. Hakusahau. Kwetu humdai mtu aliyekwishakula chumvi yako chini ya paa lako. Ni aibu. Wazee walisubiri mgeni mwenyewe aseme, kama mtu mzima anavyosema akiwa na kitu cha mwenzake. Mgeni naye, kumbe, alisubiri kuambiwa.

Wakaja wengine mwaka 2006, miaka mia ilipotimia. Mzee Silvano alikuwa ameshafariki, na mwenye nyumba ni Valeriani. Alikuwa amejiandaa wiki nzima. Alijisemea maneno akiwa shambani, Theodosia alimsikia kwenye majaruba akibishana na ndege. Wageni wakafika, wakala, wakauliza, "Familia inahitaji nini?" Swali lilikuwa wazi kama mlango. Valeriani akafungua kinywa akasema, "Ninyi kufika kwenu tu ni zawadi."

Gari lilipoondoka alijipiga paja. "Limetoka wapi neno hilo?" alisema. "Paulina, limetoka wapi?"

"Limetoka kwenye wali," Paulina akasema. "Ulikuwa umewashibisha. Mtu akishamshibisha mwenzake hana nguvu ya kugomba naye."

Mwaka 2019 wakaja wa tatu. Hawa walisema wazi kwamba katika makabati ya kwao kuna mafuvu ya watu wa huku, mengine hayana jina, wangependa kupima mate ya ukoo walinganishe. Valeriani alifungua kinywa wakachukua mate. Baada ya miezi mingi ikapigwa simu kwamba mafuvu waliyoyapima si ya mtu wa damu yake, na bado kuna mengine mengi ambayo hayajaguswa. Binti yake wa mwisho, Agnella, mwalimu wa shule ya msingi Mchombe, ndiye aliyekuwa ameshika simu, imewekwa sauti ili wote wasikie. Agnella akauliza haya mengine yatapimwa lini. Yule bwana akajibu kwa upole kwamba kuna koo zilizoomba, hizo zinatangulia. "Ila ukoo wenu, wenzetu waliotangulia walisema mliwapokea kwa furaha, na hamdai chochote."

Valeriani alimnyang'anya binti yake simu. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mtu wa pantoni anayeongea na mto, lakini siku hiyo majirani walitoka nje.

"Sikiliza, bwana. Mimi niliwapa wali. Kichwa cha babu sikuwapa."

Kuanzia siku hiyo alitoa amri nyumbani kwake. Mgeni yeyote wa kutoka huko, swali kwanza, kiti baadaye. Asimame uani aulizwe: umekuja na kichwa cha Likwambe? Akishajibu, hata akisema hapana, na akasema kitaulizwa kwa nani na lini, ndipo akae, ale, alale akitaka. Amri hiyo ilileta ugomvi mkubwa. Mwanawe wa kwanza, Fulgence, mwenye duka la vipuri Kibaoni, alimwambia, "Baba, mgeni hasimamishwi juani. Tutachekwa bonde zima."

"Tumeshachekwa," akasema baba yake. "Mimi nalala chini na Likwambe yuko kabatini. Unataka kicheko gani kingine?"

Theodosia naye alikuwa upande wa Fulgence, na alisema hivyo bila kuficha, kwamba mama yao angeona haya. Kaka yake akamjibu kwamba mama yao alipika wa kwanza, Paulina akapika wa pili, na kila sufuria ilizidi kukifunika kile kichwa. Tangu hapo Theodosia hakubishana tena. Lakini haikuwa rahisi. Mwaka 2022 vijana wawili wa kizungu walipotea njia ya kwenda milimani Udzungwa, wakaingia uani kuulizia. Marehemu aliwasimamisha, akawauliza habari za kichwa, ikabidi aitwe mtoto wa jirani ajuaye Kiingereza atafsiri. Vijana wakatazamana, wakasema wao ni Waholanzi. "Aa," akasema mzee, "basi kaeni, wanangu." Wakala mpaka jioni, na wakaondoka wanaijua habari yote ya Likwambe.

Marehemu alianza kuugua mwaka 2023, miguu ikivimba na moyo ukichoka. Mwezi Januari mwaka huu wa 2025 hali ilizidi, akalazwa hospitalini Ifakara. Huko nako akaanza yale yale. Alishuka kitandani akatandika mkeka sakafuni, kati ya kitanda chake na cha mgonjwa mwingine, na muuguzi alikaribia kumkanyaga.

"Babu, panda juu. Hii ni wodi, si matanga."

"Kwako wodi, mjukuu wangu. Kwangu matanga."

Madaktari walikuja, paroko alikuja, Fulgence alikuja akaomba radhi kwa kila mtu. Mwisho ni Paulina aliyepata ufumbuzi. Alikunja ule mkeka, akautandika juu ya godoro la hospitali, akamwambia mumewe, "Chini ni pale mkeka ulipo. Lala." Alikubali. Alikuwa amechoka, na zaidi ya hapo hakuwahi kumshinda Paulina katika jambo la maana.

Alifariki dunia Alhamisi tarehe 6 Februari 2025 asubuhi, akiwa amepokea sakramenti zote, umri wake ukiwa miaka themanini na mitatu. Anazikwa leo, Jumamosi tarehe 8 Februari, hapa Kivukoni, kando ya Likwambe. Ameacha mjane, Paulina. Watoto wanne, Fulgence, Eveline aliyeko Morogoro, Donati wa reli ya Mlimba, na Agnella. Wajukuu na vitukuu. Na dada yake Theodosia, ambaye ndiye aliyebaki katika waliozaliwa tumbo moja naye.

Jana, kijitabu hiki kikiwa tayari kupelekwa kuchapwa, lilifika neno kutoka kwa ofisa mmoja. Wageni wawili wa jumba la makumbusho la huko Ujerumani wako Morogoro kwa shughuli zao, wamesikia msiba, wanaomba kuja kutoa pole. Fulgence alisema wawekwe mbele, karibu na jeneza, na maneno haya ya mkeka na mafuvu yaondolewe, ibaki kuzaliwa, kusoma, kazi na ndoa kama wasifu wa watu wengine. Akasema pia mkeka uzikwe pamoja na baba ili yaishe.

"Yaishe vipi?" akauliza shangazi yake Theodosia. "Kichwa kimefika?"

"Shangazi, wameomba kuja kwa wema. Msibani kuna siku ya kugombana?"

"Nani anagombana? Wanaulizwa."

Fulgence akaenda mwenyewe kuvichukua viti viwili vya mbele, akavikunja, akaviegemeza ukutani. Viti hivyo viko pale, kila mtu anaviona. Chakula kiko nyuma ya nyumba, kimepikwa na kinawatosha wote, wageni wakiwemo. Hakuna atakayelala njaa leo Kivukoni.

Agnella ndiye anayewasomea wasifu huu, na sababu ni hii. Jumanne mchana, siku mbili kabla hajafariki, marehemu aliwaomba wengine watoke wodini, wakabaki Paulina, Theodosia na Agnella. Kila mtu alijua kwamba mkeka ni wa mtoto wa kwanza. Lakini aliuvuta kutoka chini yake, Paulina akimwinua upande mmoja, akaukunja vibaya kwa mikono iliyovimba, akamwekea Agnella mapajani.

"Baba, Fulgence ndiye mkubwa," Agnella akasema.

"Fulgence ana moyo wa kukaribisha. Ni kama mimi, atawashibisha kwanza. Wewe unafundisha watoto mia darasa moja, umezoea kumsimamisha mtu mpaka ajibu."

"Na nikilala chini, mume wangu atasemaje?"

"Kamwulize mama yako alisemaje."

Paulina akasema ampe mtoto neno la maana aache utani. Marehemu akavuta pumzi, ikachukua muda kurudi.

"Watakuja kunizika," akamwambia Agnella. "Watu wa huko hawakosi mazishi. Usiwatukane, usipandishe sauti, hawa si waliomnyonga. Lakini kabla hawajakaa, simama mbele yao, uwaulize babu yuko kabati gani na anarudi lini. Waulize mbele ya watu wote. Wakishajibu, mfungulie kila mmoja kiti chake, na uangalie mama yako awape wali wa moto."